Kwani Huoni?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), watu wa nyumba yake na masahaba wake wote.



Wiki hii tunaomba ruhusa tuzungumze juu ya jambo lililotokea ndani ya nyumba yetu wenyewe. Si ada yetu watu wa pwani kuyatoa ya chumbani tukayaweka barazani, na jambo hili tumelipima sana kabla ya kushika kalamu. Binti yetu, ambaye ndiye mwenye kisa, tumemwomba idhini, naye ametukubalia kwa sharti moja, kwamba jina lake lisitajwe. Sharti hilo tumelipokea kwa mikono miwili.

Sisi tunaoandika maneno haya ni mama wa watoto watatu, wakaazi wa Mji wa Kale, Mombasa. Riziki yetu tunaichuma jikoni: mahamri, mkate wa sinia na sambusa, tukipika kwa oda. Tunaamka kabla ya adhana ya alfajiri kusukuma unga uliolala ukiumuka. Maji ya mfereji yanapokatika, na hukatika mara nyingi, inatubidi tumngoje mwenye mkokoteni atuletee mitungi. Wakati huo huo simu inalia, wateja wanauliza vyakula vyao, na watoto wanatakiwa wawe wamekwisha kuoga, kula na kuvaa. Wanawake wengi wanaosoma hapa wanaijua asubuhi ya namna hiyo bila ya kuelezwa zaidi.

Binti yetu wa kati alikuwa gredi ya tano. Mwaka wa nyuma alikuwa miongoni mwa watoto wazuri darasani. Mwaka huo alama zake zilianza kushuka, muhula baada ya muhula. Madaftari yake yalijaa mistari isiyokamilika na hesabu zilizonakiliwa vibaya, tatu ikawa nane, sita ikawa sifuri. Kila jioni, baada ya Maghrib, tulikuwa tukilifungua daftari mbele yake na kumfokea. Tulimwita mzembe. Tulimwambia kwamba akili yake iko mchezoni. Neno tulilolirudia kuliko yote lilikuwa hili: “Kwani huoni?” Tulimwonyesha kosa kwa kidole, tukamwuliza kwa sauti iliyofika hadi ngazini kwa majirani: “Hili hulioni? Macho huna?”

Naye alikuwa akiinamisha kichwa na kujibu, “Labeka, Mama.” Alituitikia vivyo hivyo hata pale alipoulizwa swali lenye kutaka jawabu jingine. Tulidhani ni adabu, na tukajisifu moyoni kwamba angalau adabu tumemfunza.

Ustadha wake wa madrasa ndiye aliyeligundua jambo. Alituita siku moja baada ya darasa, akatuambia kwa upole kwamba mtoto anauleta msahafu karibu na uso mpaka pua inakaribia kugusa karasa, na kwamba akiandika ubaoni yeye huuliza wenzake kilichoandikwa. “Mpelekeni akapimwe macho,” alisema. Tulimshukuru, lakini moyoni tulikasirika kidogo, kana kwamba mtu ametuingilia nyumbani.

Tulimpeleka. Daktari alimpima kwa herufi za ukutani, kisha kwa mashine, kisha kwa vioo alivyovibadilisha kimoja baada ya kimoja. Alipomaliza alitueleza kwamba mtoto haoni mbali. Jicho lake limerefuka kupita kiasi, kwa hiyo picha ya kitu kilicho mbali huangukia mbele ya utando wa nyuma ya jicho badala ya kuangukia juu yake, na mtu huona ukungu. Kisha akachukua rula ya kawaida ya shule, ya sentimita 30, akaiweka baina ya uso wa mtoto na kitabu. “Mpaka hapa,” alisema, “anaona sawasawa. Ikipita kidogo tu, ukungu unaanza.”

Tuliitazama rula ile. Ubao wa darasani uko umbali wa rula ngapi? Na sisi, tuliposimama mlangoni tukimtazama kwa jicho kali ili atambue kwamba tumekasirika, tulikuwa umbali wa rula ngapi? Uso wetu hakuuona. Alichokipata kila siku ilikuwa sauti peke yake.

Njiani, ndani ya tuktuk, tulimwuliza: “Tangu lini huoni vizuri?” Akajibu kwamba ni tangu mwaka uliopita, alipokuwa gredi ya nne. Tukamwuliza mbona hakutwambia. Alinyamaza mpaka tukafika karibu na nyumba. Kisha alisema polepole, bila ya kulalamika, kama mtu anayetoa habari ya kawaida: “Nilikuwa nikiogopa sauti, Mama. Unapozungumza na wateja kwa simu una sauti nyingine. Nilikuwa nikingoja unizungumzie kwa ile, ndipo nikwambie.”

Wasomaji wapenzi, mtoto huyu alingoja mwaka mzima.

Usiku ule hatukupata usingizi. Mara ya kwanza tulijitafutia udhuru, kama ilivyo tabia ya nafsi. Tulisema kazi ni nyingi. Tulisema wazazi wote hufoka, na sisi wenyewe tulilelewa hivyo na hatukufa. Tulisema walimu wa shule nao walikuwa na wajibu wa kuona. Kila udhuru ulikuwa na ukweli ndani yake, na hata mmoja haukuyajibu maneno ya mtoto. Kwani ni kweli, sauti mbili tunazo. Mteja aliyechelewa kulipa kwa wiki tatu tunamwambia, “Hakuna neno mpenzi wangu, ukijaaliwa.” Mtoto aliyemwaga kikombe cha maji tunamwambia maneno ambayo hatuwezi kuyaandika hapa. Basi subira tulikuwa nayo. Tulikuwa tukiitumia kwa watu wa nje, na nyumbani tukirudi mikono mitupu.

Tulikumbuka mafunzo tuliyoyasikia mara nyingi katika darsa za wanawake bila ya kuyapeleka popote. Bwana Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba mbora wetu ni yule aliye mbora kwa watu wa nyumbani kwake. Anas bin Malik (R.A.) aliingia katika utumishi wake angali kijana mdogo, akamtumikia miaka 10, na akasimulia kwamba katika muda wote huo hakuwahi kuambiwa hata neno dogo la kuchukizwa. Miaka 10, na mtumishi kijana! Sisi hatukuweza asubuhi moja na mtoto wa tumboni mwetu. Na katika Surat Luqman, miongoni mwa nasaha alizompa mwanawe yule mzee mwenye hekima, iko ya kuteremsha sauti, na pakapigwa mfano wa sauti ya punda. Sura hiyo tunaihifadhi tangu utotoni. Mtu anaweza kuwa na aya kifuani miaka 30, na aya yenyewe isifike jikoni kwake.

Asubuhi yake tulimweleza mama yetu mzazi, ambaye sasa anaishi nasi. Tulitaraji atufariji. Aliendelea kuchambua mbaazi kwa muda, kisha akasema: “Mwanangu, sauti hiyo ni yangu. Nami niliitoa kwa mama yangu. Wewe ulikuwa ukikimbilia kwa shangazi yako nikianza, na mimi nilikuwa nikisema mtoto huyu ampenda shangazi kuliko mimi.” Tulikuwa tumelisahau jambo hilo. Alipolitaja, tuliikumbuka hata harufu ya nyumba ya shangazi, na mahali tulipokuwa tukijificha, nyuma ya kabati la vyombo. Mama yetu alikuwa akilia. Ana umri wa zaidi ya miaka 70, na hiyo ndiyo mara ya kwanza tuliyozungumza juu yake.

Maulamaa wetu wana neno kwa kazi tuliyopaswa kuifanya: muhasaba, yaani kuifanyia nafsi hesabu. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) amepokewa akiwausia watu wajihesabu kabla ya kuhesabiwa. Surat al-Hashr, katika aya ya 18, inaitaka kila nafsi itazame ilichokitanguliza kwa ajili ya kesho. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliiandikia kazi hii kitabu kizima ndani ya Ihyaa Ulumiddin, na akaipigia mfano wa biashara. Nafsi, kwa mfano wake, ni kama mshirika unayemkabidhi mtaji wako. Asubuhi unawekeana naye masharti, mchana unamchunga, jioni unakaa naye mkafanya hesabu, faida iko wapi na hasara iko wapi, na akikuhini unamwajibisha. Mtaji wenyewe ni umri.

Sisi, kwa kuwa ni watu wa biashara ndogo, mfano huu ulituingia. Tuna daftari la oda: nani amechukua, nani amelipa, nani anadaiwa. Hatulali bila ya kulifunga. Basi tuliligeuza daftari lile nyuma, na kila usiku baada ya Isha tukaandika: leo tumefoka mara ngapi, saa ngapi, kwa nani, na kabla ya hapo palikuwa na nini.

Siku ya kwanza tuliandika mara 11. Tuliona haya hata mbele ya karatasi.

Baada ya wiki mbili daftari lilianza kutuonyesha mambo ambayo hatukuyajua juu yetu wenyewe. La kwanza, kufoka kwetu kulikuwa na nyakati zake: baina ya alfajiri na saa moja unusu asubuhi, na tena muda mfupi kabla ya Maghrib. La pili, mara nyingi kilichotangulia hakikuwa kosa la mtoto. Kilikuwa simu ya mteja aliyefuta oda, au maji yasiyokuja, au kodi iliyokaribia. Mtoto alikuwa tu ndiye aliyekuwepo karibu na asiyeweza kujibu.

La tatu ndilo lililotuuma zaidi, na tulilichelewesha kuliandika. Tulipoyatazama makemeo ya jioni, yale ya daftari la shule, tulijiuliza kwa ukweli tulikuwa tukiogopa nini. Tulidhani tunaogopa maisha ya mtoto baadaye. Lakini palikuwa na jirani, dada yetu katika Uislamu na mtu mwema, ambaye mwanawe yumo darasa moja na binti yetu na hupata alama za juu. Kila matokeo yalipotoka tulikuwa tukipita njia ya nyuma ili tusikutane naye. Hatukuwa tukimlilia mtoto. Tulikuwa tukiililia heshima yetu. Mtoto wa miaka 10 tulimfanya auchukue mzigo wa fahari ya mtu mzima, na alipoyumba tukamwambia hana macho.

Kuna wanaodhani kuijua nafsi ni kuketi peke yako mahali pa utulivu ukajitazama ndani. Huenda wapo waliojaaliwa njia hiyo. Sisi tulikuwa tukijitazama kila siku na kumwona mama mvumilivu, mchapa kazi, mwenye kujitoa kwa ajili ya wanawe. Picha ile haikuwa ya uongo, ilikuwa imepungua. Sehemu iliyopungua alikuwa nayo yule anayeishi chini ya sauti yetu. Aliyeijua nafsi yetu kuliko sisi alikuwa mtoto asiyeuona ubao. Hakuna muhasaba uliokamilika bila ya kuwauliza walio nyumbani.

Lilibakia jambo zito: kumwomba radhi. Tulipolitaja kwa wenzetu, baadhi yao walitutahadharisha kwamba ukimwomba mtoto msamaha utamharibu, atapanda kichwani. Tuliwasikiliza. Lakini maulamaa wametufunza kwamba tauba ina masharti yake: kuliacha kosa, kulijutia na kuazimia kutolirudia, na kosa likihusu haki ya mwanadamu mwingine, linaongezeka sharti la nne, kumrudishia haki yake au kumtaka radhi. Hatukuona mahali waliposema isipokuwa mwanadamu huyo akiwa mdogo na akiwa wako.

Basi jioni moja tulimwita, tukaketi naye mkekani, na tukamwambia kwamba tumemkosea, kwamba maneno tuliyomwambia hayakuwa kweli, na kwamba kutoona hakukuwa kosa lake. Hakusema kitu cha maana. Aliuliza kama anaweza kwenda kucheza. Tulimruhusu. Tunalieleza hili kwa sababu tulitaraji machozi na kukumbatiana, na mtoto hawiwi hayo na mtu.

Wala hatukuwa watu wapya. Katika mwezi wa pili zipo siku tulizoandika mara sita, na iko moja tuliyoandika mara tisa, siku ya harusi ya ndugu yetu. Tulikuwa tumejiwekea jambo moja tu la kushika, nalo tulilitoa katika Sunna: Mtume (S.A.W.) amemwelekeza mwenye kughadhibika hali amesimama akae, na hasira isipomtoka alale. Tulijiwekea kigoda karibu na jiko. Hasira ikipanda, tunakaa kitako. Ni jambo dogo mno, hata la kuchekesha, mwanamke mzima kukaa ghafla katikati ya kazi. Lakini ni vigumu kumfokea mtoto ukiwa umeketi na yeye amesimama; mnalingana uso kwa uso. Na kwa mtoto wetu, umbali huo ulikuwa na maana nyingine, kwani ndio uliomwezesha kuuona uso wetu hata bila ya miwani.

Mama zetu, jihadharini pia na upande wa pili. Zilitupitia siku ambazo majuto yaligeuka kukata tamaa, tukajiambia kwamba tumekwisha mharibu mtoto na hapana la kufanya. Hiyo nayo ni hila. Mwenyezi Mungu ameitaja nafsi yenye kujilaumu katika Surat al-Qiyama, na ameitaja mahali pa kiapo, jambo ambalo wafasiri wengi wameliona kuwa ni heshima yake. Lawama ikikusukuma kutengeneza, ni neema. Ikikulaza kitandani ukijililia, umerudi pale pale ulipokuwa, kuishughulikia heshima yako mwenyewe.

Tuongeze nasaha moja ya kilimwengu. Mtoto wako akiushika msahafu au kitabu karibu sana na uso, akifinya macho kutazama mbali, akisogelea televisheni, akilalamika kichwa baada ya masomo, au akinakili kwa mwenzake badala ya ubaoni, usimwite mzembe kabla ya kumpeleka akapimwe. Mtoto aliyezoea ukungu hajui kwamba wenzake hawauoni. Hawezi kuyasema asiyoyajua. Na akiyajua, huenda anangoja sauti.

Mwezi uliopita miwani yake ilivunjika. Alikuwa akikimbia uwanjani, akaanguka, kioo kimoja kikapasuka. Hakusema. Tuliligundua hilo baadaye: siku ya kwanza aliificha mkobani, siku ya pili akasema ameisahau shuleni. Jioni ya siku ya pili tulikuwa tukikaanga sambusa za oda, mafuta yakichemka na simu ikilia. Alikuja akasimama mlangoni mwa jiko, mbali kidogo na mkono unapoweza kufika. Alikuwa ameishika miwani kwa mikono miwili.

“Mama,” alisema, “nimeivunja. Tangu jana.”

Hatutawadanganya kwamba hasira haikupanda. Ilipanda, pamoja na hesabu ya bei ya kioo kipya. Tulizima moto na tukakaa kwenye kigoda. Simu iliendelea kulia, tukaiacha. Tulimwambia asogee tuione. Alisimama kidogo, kisha akasogea.

Usiku, tulipofungua daftari, tuliandika habari hiyo upande wa hasara na upande wa faida. Hasara, kwa sababu mtoto bado aliogopa siku mbili. Faida, kwa sababu mara ya kwanza aliogopa mwaka.

Katika Surat al-Furqan waja wa Mwingi wa Rehema wanamwomba Mola wao awajaalie wake zao na vizazi vyao kuwa kiburudisho cha macho. Dua hiyo tunaiomba baada ya kila sala, na tulikuwa tukiiomba hata jioni zile za kufoka, dakika chache baada ya kusalimu. Hatukuwahi kujiuliza kama sisi nasi tu kiburudisho cha macho ya mtoto wetu, yale macho yasiyoona mbali. Sasa tunajiuliza, na jawabu hatulipati kila siku.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyasema na watoto wetu wakayahifadhi, awarehemu mama zetu waliotulea kwa walichokuwa nacho, na atujaalie sauti ambayo aliye mdogo hahitaji kuingoja. Aamin.

Wabillahi tawfiq.